Doa Jekundu la Kanzu ya Babu Chande

Uani walikuwapo hawa.

Alikuwapo Babu Chande, mwenye kanzu nyeupe ya Idd.

Alikuwapo Mama, mwenye kinu na mchi. Twa, twa, twa.

Alikuwapo Shangazi Tatu, mwenye ndoo ya kufulia.

Na alikuwapo Mwajabu, mwenye miaka sita. Si Mwaja. Si Jabu. Mwajabu.

Mwajabu alikuwa na bilauri ya maji aliyoyatia rangi nyekundu. Alichomeka humo ua jeupe. Ua likanywa, likanywa, hata likaanza kuwa jekundu.

Babu alikuwa akiijaribu kanzu yake. Akasahau kuivua, akala wali kwa mchuzi. Tone! Doa dogo la njano likakaa kifuani.

Shangazi Tatu akaichukua kanzu. Akaipaka sabuni ya mche. Fiku, fiku, fiku.

Doa likawa jekundu. Jekundu kabisa.

"Baba, njoo uone kanzu yako," akasema Shangazi.

Babu akatazama kanzu. Akatazama bilauri. "Ni wewe, Mwaja. Umemwaga rangi yako."

"Si mimi," akasema Mwajabu. "Sipendi kusingiziwa. Na jina langu ni Mwajabu."

Shangazi akacheka. "Basi kanzu ilikuwa na kiu, kama lile ua."

Babu hakucheka. Akayamwaga maji mekundu. Chwaa! "Michezo ya maji imekwisha nyumbani humu."

Mwajabu akaenda kukaa nyuma ya pipa. Mashavu yamevimba.

Si mimi. Sipendi kusingiziwa.

Mama akamaliza kutwanga manjano, kiungo cha mchuzi. Akanawa mikono kwa sabuni. Povu likawa jekundu.

Mwajabu akachungulia. Mama hakushika maji mekundu ya bilauri. Mama alishika manjano tu.

Mwajabu akachukua kitambaa chakavu. Akakipaka manjano. Kikawa cha njano. Akakipaka sabuni. Fiku, fiku, fiku. Kikawa chekundu.

"Babu, njoo utazame."

"Nimekwisha sema, Mwaja."

"Ulisema kabla hujatazama."

"Mwajabu," akasema Mama, "sema na babu yako vizuri."

"Tafadhali tazama, Babu. Si mimi. Sipendi kusingiziwa."

Babu akaja. Akainama. Manjano. Sabuni. Jekundu.

"Mchuzi wako ulikuwa na manjano," akasema Mwajabu. "Shangazi akaleta sabuni."

Shangazi Tatu akatazama ndoo yake. Sasa hakucheka.

Babu akakuna kidevu. "Na tukitia ndimu?"

"Sijui," akasema Mwajabu. "Tujaribu."

Wakakamua ndimu kitambaani. Tone, tone, tone. Wekundu ukatoweka. Njano ikarudi.

Babu akaachama.

Wakaikamulia na kanzu. Wakaisuuza, wakaianika juani. Jua likawaka. Doa likafifia, likafifia. Jioni halikuonekana tena.

Wakati wa kulala, Babu akaja kitandani kwa Mwajabu.

"Shikamoo," akasema Mwajabu. Uso wake uliangalia ukuta.

"Marahaba. Samahani, Mwajabu. Nilikusingizia."

"Ulimwaga na maji yangu."

"Nilimwaga na maji yako. Nitakutengenezea mengine."

"Bado nimekasirika, Babu."

"Hasira itakwisha lini?"

Mwajabu akafikiri. "Kesho. Baada ya chai."

"Basi nitangoja," akasema Babu. Akamfunika shuka.

Asubuhi wakanywa chai. Hasira ikaisha. Wakaenda Idd wameshikana mikono, na kanzu ilikuwa nyeupe pe.

Mwaka uliofuata, kabla ya Idd, Babu Chande alifariki. Siku ya Idd Mwajabu akachomeka ua jeupe katika bilauri ya maji mekundu, akalitazama likinywa, likinywa.