Mwanga Kidirishani

"Shoga, mbona ukifika pale sinema unavuka barabara?" jirani alimuuliza siku moja. "Jengo lilikutukana?"

Mshonaji alicheka, akasingizia jua.

Jua halikuhusika. Usichanani alifanya kazi ndani ya jumba lile, enzi ambapo mapazia ya mahameli mekundu yaliburuzika sakafuni na watu walikuja wamevaa nguo zao za kutokea. Yeye aliwamulikia viti kwa tochi. Jioni moja, katika msukumano wa mlangoni, kijana mwenye shati jeupe na vidole vya grisi alimkanyaga.

"Samahani, dada. Mimi fundi mpya wa mashine ya picha."

"Fundi gani haoni anapokanyaga?"

"Nimezoea kutazama mbali. Basi nimulikie, Tochi wangu."

Jina likamganda. Wakaanza kupigiana simu ya ndani, chumba cha mashine na mlangoni.

"Huku juu joto, mpenzi."

"Fungua dirisha."

"Njoo unipepee."

"Koma! Meneja huyo anapita."

Kisha siku moja fundi hakutania. "Nimepata kazi mji mwingine. Nataka tuoane, twende wote. Picha ikianza, kama umekubali, mulika kidirishani kwangu. Usipomulika nitaelewa, sitakusumbua."

Furaha iliwasahaulisha jambo ambalo kila mfanyakazi wa pale alilijua: tochi kidirishani maana yake mkanda una hitilafu, simamisha mashine.

Picha ilipoanza, msichana aliomba Mungu kimoyomoyo, akamulika. Papo hapo mkanda ukakwama kweli, doa la kuungua likatanda kwenye skrini, watu wakapiga miluzi. Fundi akazima mashine, akaunga mkanda, akawasha tena. Akangoja mwanga mpaka watu wakatoka. Haukuja. Akashuka kwa ngazi ya nyuma.

Msichana alikuwa amemngoja kwenye ngazi ya mbele.

Kila mmoja akaamini amekataliwa. Fundi akahama. Msichana akaolewa na mtu mwema, akamzika, akabaki na cherehani yake.

Sasa jumba lilikuwa linabomolewa. Mlinzi aliwaruhusu wafanyakazi wa zamani waingie kuliaga. Mshonaji hakuvuka barabara siku hiyo. Ndani viti vilishang'olewa, mahameli yamekuwa matambara. Chini ya kidirisha alisimama mwanamume mwenye mvi.

"Tochi?"

"Bado unatazama mbali, fundi."

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia.

"Kwa nini hukumulika?" aliuliza fundi, taratibu.

"Nilimulika."

"Lini?"

"Kabla tu mkanda haujaungua."

Fundi aliinua macho kidirishani. "Ule mwanga... Mungu wangu. Nilidhani unaniita kazini."

"Nami nilidhani umenichezea."

"Nilingoja, mpenzi. Mashine imepoa, nangoja."

Simu ya fundi ikalia. Akaitazama, akapokea.

"Ndiyo, mama watoto. Nipo njiani. Dawa nimezipata, usijali. Jilaze."

Alipoirudisha mfukoni hakuweza kuinua uso. "Anaumwa," alisema. "Ananitegemea."

"Mungu amponye," alijibu mshonaji, na alimaanisha.

Akafungua mkoba, akatoa tochi ya kazi, ile ile, rangi imebanduka. Akaielekeza juu, akamulika kidirisha kilichobaki tundu tupu. Fundi aliufuata ule mwanga kwa macho mpaka ulipozimwa.

Mshonaji akamwekea tochi kiganjani, akamfunga vidole, akajitanda mtandio wake, akatoka kwa mlango wa mbele.