Anayehusika Ajirekebishe

Kila Jumamosi asubuhi, mama yake Gakii aliporudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, alikuta chai ya maziwa iko tayari. Hiyo ilikuwa kazi ya Gakii. Alibandika sufuria, akatia majani, kisha akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni ili awakaribishe wanachama wapya wa Walinda Lango.

Walinda Lango lilikuwa kundi la mtandaoni la vijana wanaojifunza usalama wa kompyuta. Wengine waliishi karibu na Dallas, kama Gakii aliyekuwa Irving, na wengine Houston. Walikuwa Wakenya, Warundi na Wakongo, na waliandikiana kwa Kiswahili. Mwanzilishi wao, Mwalimu Kiprop, alifanya kazi hiyohiyo ya usalama katika ofisi moja huko Plano. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: ukigundua mwanya katika tovuti ya mtu, usiutangaze. Mwandikie msimamizi wa kundi faraghani, naye amjulishe mwenye tovuti ili auzibe.

“Mwanya ni mlango ambao mtu amesahau kuufunga,” Mwalimu alipenda kusema. “Mpigie hodi mwenye nyumba. Usisimame barabarani ukatangazia mtaa.”

Jumamosi moja Gakii alikuwa ameandika neno “Karibu” tu simu yake ilipolia. Alikuwa Gaudiose, rafiki yake wa Houston, naye alikuwa akilia kiasi kwamba maneno hayakusikika vizuri.

“Wamenitoa kundini,” alisema. “Sheldon amenitoa.”

“Amekutoa kwa nini?”

Gaudiose alieleza polepole, huku akivuta kamasi. Alikuwa amemsajili mdogo wake, Darius, katika mafunzo ya kuogelea kupitia tovuti ya bwawa moja. Akagundua kwamba ukibadilisha tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa, unaona habari za mtoto mwingine: jina lake, nyumba anamoishi, hata namba ya simu ya mama yake. Alishtuka. Akafuata kanuni. Alimwandikia Sheldon, msimamizi wa kundi, kijana wa miaka kumi na saba aliyeishi Katy, karibu na Houston, akamtumia picha ya ukurasa wa Darius kama mfano.

Sheldon hakumjulisha mwenye tovuti. Aliichukua picha hiyo akaiweka mbele ya wanachama wote na kuandika, “Tazameni nilichogundua!” Watu wakampongeza na kumwita bingwa.

“Nikamwandikia, ‘Kaka Sheldon, tafadhali iondoe, huyo ni mdogo wangu,’” Gaudiose alisema. “Akaufuta ujumbe wangu. Nikaandika tena. Akanijibu mbele ya wote, ‘Wewe mtoto wa kambini, jifunze kwanza kuwasha kompyuta.’ Watu wakacheka.”

Gakii alihisi uso ukipata moto. Gaudiose alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, na hilo alikuwa amemwambia Gakii na marafiki wachache tu wa kundini.

“Na Mwalimu Kiprop? Hakuona?”

“Aliona. Aliandika, ‘Wapendwa, tuheshimiane. Anayehusika ajirekebishe.’ Nikafikiri ananisema mimi, kwa kuwa nimemkosoa mkubwa mbele ya watu. Nikaandika, ‘Nisameheni nyote.’ Sheldon akasema, ‘Vizuri umejijua.’ Halafu akanitoa.”

“Yaani wewe ndiye uliyeomba radhi? Wewe!”

“Si hilo tu. Jana mwanamume nisiyemjua alimpigia mama akiwa kazini ghalani. Alimtaja Darius kwa jina, akasema amezama, akataka namba za kadi ya benki eti za kulipia hospitali. Mama alikimbia hadi shuleni akilia. Darius alikuwa darasani, mzima kabisa. Sasa mama anasema kompyuta yangu ndiyo iliyotuletea balaa. Amenipokonya. Anasema sitaigusa tena.”

Chai ilikuwa imefurika na kumwagika juu ya jiko. Gakii hakuiona. Alifungua ukurasa wa kundi. Picha ilikuwa bado ipo, na chini yake alama za kucheka.

Akampigia Mwalimu Kiprop.

“Mwalimu, habari za asubuhi. Picha ya Darius bado ipo.”

“Bado? Nilidhani ataiondoa mwenyewe. Nimeshaandika.”

“Uliandika tuheshimiane.”

“Ndiyo, mwanangu. Anayehusika ataelewa.”

“Anayehusika hajaelewa!” Gakii alisema, na sauti ikampanda asivyotarajia. “Aliyeelewa ni asiyehusika!”

Upande wa pili vidole vilisikika vikibofya kibodi.

“Naiondoa sasa hivi,” Mwalimu alisema, “na wenye bwawa nitawapigia. Lakini hayo mengine yana uzito wake. Baba yake Sheldon ndiye mwenyeji wetu kwenye nyama choma ya kundi Jumamosi ijayo. Tutayazungumza kwa upole hukohuko.”

Gakii alipogeuka, alimkuta mama yake, Kathure, amesimama mlangoni na sare zake za uuguzi, akilitazama jiko.

“Nani huyo unayemfokea asubuhi yote hii?”

Gakii alimweleza kila kitu, akingoja kugombezwa kwa kumpandishia mtu mzima sauti. Mama yake alichukua kitambaa, akapangusa jiko taratibu, akapangusa tena mahali palipokwisha kuwa pasafi.

“Nipe namba ya mama yake huyo binti,” alisema.

Aliongea chumbani kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa akitabasamu kidogo. “Amekubali tuwapitie Houston, twende wote Katy. Lakini amesema anakwenda kuwaona hao watu, si kula nyama yao.”

Jumamosi iliyofuata walisafiri tangu alfajiri. Gaudiose na mama yake, Immaculate, waliingia garini na nguo zao za kanisani. Mama Immaculate alipakata mfuko mkubwa.

Nyumba ya Bwana Onyancha, baba yake Sheldon, ilikuwa mpya na kubwa, na nyuma yake moshi wa nyama ulikuwa umetanda. Vijana walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja na sahani mapajani. Sheldon alimwona Gaudiose, akapaza sauti.

“Heh! Huyu ameingiaje bila nywila?”

Watu wakacheka. Mama Immaculate akamwinamia binti yake. “Ndiye huyo?” Gaudiose akatazama viatu vyake.

Mwalimu Kiprop alisimama, akawashukuru wenyeji, akasifu kazi ya mwaka mzima. Kisha akakohoa. “Kumekuwa na changamoto ndogo ndogo, wapendwa. Tuheshimiane. Anayehusika ajirekebishe.”

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sheldon ndiye aliyetikisa zaidi ya wote. Na pale kando, Gaudiose alianza kuinuka.

“Mimi naomba…” alianza.

Gakii alimshika mkono akamketisha, akasimama yeye. Akaiweka sahani yake chini.

“Mwalimu, anayehusika ni nani?”

“Gakii, keti kwanza. Mambo haya—”

“Nitaketi ukishanijibu.” Mtu mmoja alicheka, lakini Gakii hakumtazama. “Uliposema hivyo mara ya kwanza, Gaudiose aliomba radhi. Sasa alikuwa anataka kuomba tena. Hana kosa lolote! Aligundua mwanya, akafuata kanuni yako, akaibiwa kazi yake, akatukanwa, akafukuzwa. Wote walioona kundini walinyamaza. Ajirekebishe nani? Taja jina.”

Mama Immaculate naye akasimama. “Mimi pia nataka kulijua hilo jina. Mtu alinipigia akaniambia mwanangu amezama. Nikamwadhibu huyu binti. Kama nimemwonea, niambieni leo, mbele yake.”

Mwalimu Kiprop alimtazama Bwana Onyancha, aliyesimama kando ya jiko la mkaa na koleo mkononi. Akamtazama Gaudiose. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika na wote:

“Ni Sheldon. Niliposema anayehusika, nilimaanisha Sheldon. Niliogopa kumtaja kwa sababu ninakula nyumbani kwao. Gaudiose, hukukosea hata kidogo. Mama Immaculate, binti yako ndiye aliyewalinda watoto wale. Wenye bwawa wameshauziba mwanya, na nimewaambia ni nani aliyeuona.”

Mama Immaculate alifungua mfuko wake, akatoa kompyuta iliyofungwa ndani ya kitenge, akaiweka mapajani pa binti yake. Mkono wake ukabaki juu ya bega la Gaudiose.

“Sheldon,” alisema Bwana Onyancha. “Umesikia?”

Sheldon alikuwa ameacha kutabasamu. “Sawa. Kama kuna mtu yeyote niliyemkwaza, naomba msamaha.”

“Kama?” baba yake aliuliza.

“Hapana, Sheldon,” Mwalimu Kiprop alisema. “Hiyo ‘kama’ umejifunza kwangu, na leo tunaiacha sote wawili. Sikilizeni, vijana. Kumheshimu mtu si kulificha kosa lake huku mwingine anaumia. Tukiona mlango wa mtu uko wazi, tunamwambia mwenyewe, wazi na mapema. Basi na kosa la mtu ni vivyo hivyo. Mwambie mwenyewe, kwa jina. Ukisema kwa mafumbo, mwenye kosa atalala usingizi na asiye na kosa atakesha akilia. Na aliyepewa usimamizi amepewa ili awalinde wadogo, si ili awanyamazishe. Kuanzia leo wewe si msimamizi. Gaudiose amerudi kundini. Sasa sema unachopaswa kusema, na umwambie unayepaswa kumwambia.”

Hakuna aliyegusa sahani yake. Sheldon aliwatazama rafiki zake, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Alivuka nyasi hadi alipoketi Gaudiose, akasimama mbele yake na mikono imening’inia.

“Gaudiose,” alisema. “Wewe ndiye uliyegundua, si mimi. Nilichukua kazi yako. Niliweka jina la mdogo wako hadharani, nikakutukana kwa ajili ya mahali ulipozaliwa, na nikakutoa kwa sababu ulisema kweli. Nimekukosea wewe. Nisamehe.”