Kikohozi Kilichoingia Msituni

Mume wangu ni mwongoza wageni. Kila asubuhi huwapeleka watu msituni kuwatazama ndege na sokwe. Ndege huwatambua kwa sauti. Sokwe anawajua mmoja mmoja, sura na tabia.

Mmoja wao, jike, mume wangu alimwita Shangazi, kwa sababu alimfokea kila mtu. Walijuana miaka kumi na miwili. Nilikuwa namtania, "Huyo Shangazi wako atakuja lini kututembelea?"

Siku moja mume wangu aliamka na mafua. Kifua kilikuwa kinakwaruza.

"Leo sitaenda," alisema. "Kwenye geti la msitu wanauliza nani anaumwa."

"Mafua nayo ni ugonjwa?" nilimjibu. "Wageni wametoka mbali. Tafuna tangawizi hii, ujikaze pale getini tu."

Mdomo wangu huu! Alitafuna. Getini alisema ni mzima. Msituni alikosa pumzi, akashusha barakoa chini ya kidevu. Shangazi alisogea karibu, mtoto wake mgongoni. Mume wangu akapiga chafya mara mbili.

Baada ya siku sita sokwe walianza kukohoa. Siku ya kumi Shangazi alikutwa chini ya mti, amekufa. Mtoto wake alikuwa akimvuta mkono ili ainuke.

Daktari wa wanyama alikuja nyumbani kwetu. Hakugomba. Heri angegomba.

"Kaka, siku ile ulikuwa na mafua?"

"Ndiyo, daktari."

"Lakini ni mafua tu!" nilidakia.

"Kwako ni mafua tu, dada. Miili ya sokwe inafanana na yetu, kwa hiyo magonjwa yetu huwaingia. Ila wao hawajayazoea. Yanaweza kuwaua."

"Sasa tufanye nini?" mume wangu aliuliza.

"Anayeumwa, hata kidogo, abaki. Awe mgeni, awe mwongozaji. Barakoa ifunike pua na mdomo. Msiwasogelee. Wakisogea wao, ninyi rudini nyuma."

Daktari alipoondoka, mume wangu alilia. Hata tulipomzika mama yake hakulia vile. Nami nililia, maana tangawizi ilitoka mkononi mwangu. Majuto ni mjukuu, na huyu wetu tunaishi naye.

Mwaka umepita. Wiki iliyopita mume wangu alianza tena kukohoa. Kabla sijafungua mdomo, alivaa barakoa akaenda getini. "Leo siingii," aliwaambia. Mwenzake akawachukua wageni. Yeye hakutaka kurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi nje ya geti, peke yake, mpaka saa tisa.

Nilipomfuata, mwenzake alikuwa anatoka msituni.

"Wanaendeleaje?" mume wangu aliuliza kwa mbali.

"Hakuna anayekohoa hata mmoja. Mtoto wa Shangazi yuko na dada yake. Amekua! Leo amenifokea kweli kweli."

Mume wangu alicheka. Kisha akageuka upande, akafuta macho.