Ndiyo ya Kizungu

Kitabu cha kusahihisha sentensi za Kizungu kilibaki kimoja, na mikono miwili ikakifikia pamoja. Ilikuwa Darajani, mwaka 1953, duka limejaa watu hapana pa kupenya. Msabah alikuwa na koti la kaki na kofia ya kiua. Mwanakheri na buibui jipya, ananukia asumini.

"Mwanamke na sentensi mbovu wapi na wapi?" Msabah akamtania.

"Mimi nazisahihisha. Mwenzangu sijui kama si wewe unayeziandika."

Hapo alinaswa. Msabah keshasoma Makerere, anataka kuongeza shahada London, na mtihani wa kuingilia una karatasi nzima ya sentensi za Kizungu za kusahihisha. Mwanakheri akisomesha Kizungu skuli ya wasichana. Basi kila alasiri Msabah akawa Kikwajuni, barazani kwa Bi Sichana, shangazi yake Mwanakheri. Shangazi anasuka ukili katikati yao, wao wanasahihisha, na mapenzi yanakua waziwazi.

Kosa moja lilimganda Msabah. Mwanakheri humuuliza kwa Kizungu, "Hujala?" Naye, tumbo tupu, hujibu ndiyo, kama tujibuvyo sote.

"Kwa Kizungu ndiyo yako maana yake umeshakula, roho yangu. Utalala na njaa."

Walilirudia hilo miezi mitatu, mpaka Bi Sichana naye akalijua.

Msabah akafaulu. Wiki ya safari akasikia kuwa Makungu, binamu yake Mwanakheri wa Mangapwani, amepeleka posa. Badala ya kwenda kumuuliza uso kwa uso, mwanamme mzima, akapiga simu skuli. Na simu yenyewe iko mezani kwa mwalimu mkuu, bibi wa Kizungu, kakaa papo hapo anasikiliza. Mwanakheri angeweza kusema neno moja tu.

"Mwanakheri, hutoningoja?"

"Ndiyo."

Alijibu kwa maana ya Kizungu, kama walivyozoea barazani: ndiyo, nitakungoja. Akaweka simu moyo wake mweupe. Kumbe hofu imeshamrudisha Msabah kwenye lugha ya mama yake. Alichosikia ni ndiyo, sitokungoja. Siku ya tatu akapanda meli bila ya kuaga, na barua hakuandika hata moja.

Mwanakheri alingoja miaka miwili. Posa ya Makungu aliikataa mara mbili. Ya tatu baba yake hakumuuliza.

Mwaka 1957 wakakutana tena duka lile lile. Msabah kavaa suti ya sufi, jasho linamtoka.

"Ulinambia hutoningoja," akamlaumu.

"Nilikwambia nitakungoja. Nilikujibu Kizungu, Msabah. Si ndicho tulichokuwa tukijifunza?"

Msabah alishika meza ya duka. Alijichukia, na hakuwa na wa kumsingizia.

"Na huko uliko," akauliza kwa sauti ndogo, "huna furaha?"

"Ndiyo," akajibu Mwanakheri, akajitanda buibui lake, akatoka.

Msabah akamwita amwambie, ni ya Kizungu au ya kwetu. Hakugeuka.