Kikombe Kilichojaa Pomoni

Kila alasiri alipotoka shule, Begimai alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye zulia la sufu na kufungua kitabu cha mazoezi. Bibi yake Salkyn, mwalimu mstaafu, alimsikiliza akisoma huku akikanda unga wa maandazi. Mtihani wa kuingia shule moja ya mji mkuu, Bishkek, ulikuwa umekaribia. Mama yake Begimai alikuwa fundi cherehani huko, na kama mtoto angefaulu, wangeishi pamoja tena. Begimai alikuwa na hamu isiyosemeka na mama yake.

Siku hiyo hadithi ya mazoezi ilihusu mwanamke aliyetembelewa na kaka yake baada ya miaka mingi. Alimmiminia chai huku akimtazama usoni, kikombe kikajaa pomoni hadi chai ikamwagika. Kwa nini alikijaza vile? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne.

"A! Alitaka aondoke upesi," Begimai alisema bila kufikiri. Nani hapo mjini kwao Naryn asiyelijua hilo? Mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo, ili aongezwe tena na tena. Akijaziwa kikombe, ameonyeshwa mlango.

"Wewe unajua, mimi najua, jirani anajua," alisema Bibi. "Je, hadithi imesema? Nionyeshe."

Begimai alipekua juu na chini, asione kitu.

"Basi likate."

"B, kaka alikuwa na kiu. Aa, lakini alishakunywa chai stesheni." Akalikata. "C, birika lilikuwa zito. Hilo nalo halikusemwa." Akalikata pia. Likabaki moja: furaha ilimfanya ajisahau.

"Mh! Bibi, mtu gani anajisahau hivyo?"

"Umeulizwa habari za huyu, si za watu wote. Na wewe ulivyolikimbilia hilo A, kama mbuzi aliyeona chumvi!"

Wakacheka mpaka Bibi akajipaka unga usoni.

Tangu hapo, jibu lisilo na ushahidi lilikatwa. Kwenye chumba cha mtihani mkono wa Begimai ulitaka kukimbilia jibu la kwanza, akauzuia, akasoma tena, akakata. Matokeo yalipotoka, mama alipiga simu akipiga vigelegele. "Umefaulu, kipenzi changu!"

Asubuhi ya safari, Bibi alikunja nguo kimya, uso ameuelekeza ukutani. Furaha ya Begimai ikamwishia.

"Bibi, umekasirika. Hutaki niende kwa mama."

"Umeshalikimbilia jibu tena?" Bibi aligeuka, macho yamemwiva kwa machozi. "Nani aliketi nawe kila alasiri? Kama nisingetaka uende, ningekufundisha ili iweje?"

Begimai alifikiri, kisha akamkumbatia kwa nguvu. "Basi unalia kwa sababu unanipenda."

"Hapo sasa umesoma," Bibi alisema, akijipangusa machozi. "Jibu la kwanza mara nyingi huwa ni mawazo yetu wenyewe, mjukuu wangu. Kabla hujaliamini, litafutie ushahidi, kwenye karatasi na kwa watu pia. Haya, funga begi. Mama yako anakusubiri."