Sarafu Isiyoguswa

Haya alinisimulia Opicho mwenyewe, rafiki yangu wa mtaa wa Mowlem, na Opicho si mtu wa porojo.

Alipenda kukusanya sarafu za zamani, zile ambazo hazijawahi kutumika hata dukani, zinazong'aa kama zimetengenezwa leo. Aliyoithamini kuliko zote aliifungia ndani ya kikasha cha plastiki, akakiziba kwa gundi, maana jasho la kidole huacha doa lisilotoka. Binti yake Mourine alikuwa akimsihi kila mara, amenyoosha kidole gumba chenye kovu la kuungua jikoni.

"Baba, niiguse tu kidogo."

"Hapana, mama. Ukiigusa imeharibika."

Mourine aliugua homa, akazikwa bila kuigusa.

Juzi jioni mkewe, Muhonja, alimwomba aiuze. Alisema hawezi tena kuitazama. Opicho alipoingia chumbani kuichukua, stima zikapotea ploti nzima. Akasimama gizani. Ndipo akasikia sarafu ikizunguka juu ya meza, ikizunguka, ikalegea, ikalala.

"Muhonja, ni wewe?"

"Niko huku nje kwa jirani!"

Akawasha tochi ya simu. Kikasha kilikuwa pale pale mezani, gundi haijabanduka popote. Akakiinua karibu na macho. Ndani, juu ya sarafu, palikuwa na alama ya kidole gumba, ndogo, bado ina unyevu, imekatwa katikati na kovu.