Saa Nne ya Bibi Tsona

Kila asubuhi Bibi Tsona aliwasha jiko la kuni kabla mjukuu wake hajaamka. Zornitsa, msichana wa miaka kumi na miwili, alipoingia jikoni alikuta maziwa yamechemka na vipande viwili vya mkate vimepakwa rojo nyekundu ya pilipili hoho waliyoipika pamoja uani mwezi wa tisa. Alikula upesi, akavaa koti, akasimama mbele ya Bibi na kumuaga kwa sauti kubwa. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito kwa miaka mingi, na maneno aliyapata zaidi kwa kutazama midomo ya anayesema.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile ya Chiprovtsi, mji mdogo wa milimani nchini Bulgaria. Mama yake Zornitsa, Iskra, alikuwa Italia mwaka wa tatu sasa, katika mji wa Bologna, akimtunza ajuza asiyeweza kutoka kitandani. Karibu nusu ya darasa la Zornitsa walikuwa na mzazi Italia au Ujerumani, kwa hiyo hakuna aliyelizungumzia sana jambo hilo. Mama alipata saa moja tu ya kupumzika kwa siku, muuguzi alipokuja kumnyoosha ajuza viungo. Kwa saa za Chiprovtsi ilikuwa saa nne asubuhi. Wakati huo Zornitsa yuko darasani, na Bibi yuko peke yake.

Simu ya kawaida haikumfaa Bibi, kwa sababu simu haina midomo. Ndiyo maana Mama alipokuja likizo alileta kompyuta mpakato, na Zornitsa akatumia wiki tatu za kiangazi kumfundisha Bibi kuitumia. Bibi alikuwa mfumaji wa mazulia. Aliweza kufuma zulia zima la ndege na maua bila kutazama mchoro, nyuzi zote akizihesabu kichwani, lakini kile kipanya cha kompyuta alikishika mwanzoni kana kwamba kitamng'ata. Polepole alizoea. Kufikia vuli, saa nne kasoro dakika tano ilimkuta ameketi mezani, kitambaa kipya kichwani, akiusubiri uso wa binti yake.

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Bilyana, aliyekaa dawati moja na Zornitsa, alikuwa na programu nzuri ya kuchora aliyonunuliwa na baba yake. Alipoona michoro ya mwenzake alicheka.

"Wewe bado unachora na ile ya watoto wachanga?" alimwambia. "Tafuta hii yangu mtandaoni. Watu wanaipata bure, usijifanye mtakatifu."

Jioni hiyo, Bibi akiwa zizini anakamua mbuzi, Zornitsa alitafuta. Alifika kwenye ukurasa uliojaa vitufe vya kijani vya kupakua, akabofya kilicho kikubwa kuliko vyote. Kompyuta ikauliza maswali kwa herufi ndogo, na chini yake kulikuwa na visanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya vema. Hakusoma hata kimoja. Alibofya Nakubali, kisha Endelea, kisha Endelea tena, mpaka maswali yakaisha. Programu ya kuchora haikufunguka. Alijaribu mara mbili, akachoka, akaifunga kompyuta na kwenda kumenya viazi.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bibi ameketi jikoni, mikono mapajani. Kompyuta ilikuwa imefungwa, waya wake umechomolewa ukutani. Jiko lilikuwa limezimika.

Bibi alieleza kwa sauti ya chini. Saa nne aliifungua kama siku zote. Badala ya kuona picha ya binti yake ya kubofya, aliona gurudumu linalozunguka na maneno kwamba ameshinda zawadi. Alipolifunga yakaja matatu mengine. Ikaja picha ya wanawake wasio na nguo. Kisha skrini ikawa nyekundu, ikamwandikia kwamba kompyuta ina virusi arobaini na saba na kwamba asiizime. Bibi aliogopa, akachomoa waya, na mashine ikaendelea kung'aa vilevile mpaka alipoifunga kwa nguvu.

"Nimeiharibu," Bibi alisema. "Sijui nimefanya nini. Naona nilibofya palepale ninapobofya kila siku."

Zornitsa alijua papo hapo. Lile gurudumu lilikuwa limempitia jana machoni kabla hajaifunga kompyuta. Alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini aliuona uso wa Mama akilini, akaikumbuka ahadi aliyompa kwenye kituo cha basi siku alipoondoka, kwamba hataweka chochote kwenye mashine bila ruhusa, na mdomo ukamtangulia.

"Labda ulibofya kitu kingine, Bibi."

Alilisema vizuri, taratibu, midomo ikionekana. Bibi alilisoma neno zima. Aliitikia kwa kichwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Zornitsa alipojaribu kuirekebisha mwenyewe, alibofya tangazo lililoahidi kuisafisha kompyuta bure. Kilichoingia hakikusafisha kitu. Kilidai namba ya kadi ya benki, na tangu hapo matangazo yalijitokeza hata pale ambapo hakufungua ukurasa wowote. Kila alichokitafuta kilimpeleka kwenye ukurasa asioujua. Kompyuta ikawa nzito, ikivuma kama kikaushio cha nywele.

Jumamosi alikuwa nyumbani saa nne, akampigia Mama kwa kompyuta ili Bibi amwone. Uso wa Mama ulitokea, umekonda kidogo, ukitabasamu. Bibi alisogea karibu na skrini. Mama alipoanza kuongea, tangazo la viatu likaja juu ya mdomo wake. Zornitsa alilifunga, likaja la kasino. Sauti ya mwanamume ikawa inapiga kelele za ushindi juu ya sauti ya Mama. Bibi hakuona neno hata moja. Alijitahidi kwa muda, akainamisha shingo huku na huku kama mtu anayechungulia kupitia uzio, kisha akainuka na kutoka uani bila kuaga. Mama aliuliza kuna nini. Zornitsa alimjibu kwamba Bibi aliivuruga mashine.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumatatu, Bibi hakwenda kwenye fremu yake ya kufumia. Jumanne pia. Zulia aliloliacha lilikuwa la oda ya nyumba ya wageni mlimani, na lilikuwa limefika nusu. Zornitsa alipomuuliza, alisema amepoteza hesabu ya nyuzi, amefumua mstari mmoja mara nne. Saa nne ilipofika aligeuza kiti chake, akakaa ameipa meza mgongo. Hakuvaa tena kitambaa kipya. Jirani yao alipoleta maboga, Bibi alimpokea mlangoni na kumwomba radhi mapema, eti siku hizi akimsahau jina asikasirike.

Zornitsa aliona yote haya na akanyamaza. Kila asubuhi alijiambia kwamba atasema jioni, na kila jioni aliona siku zimeshazidi. Kama angesema siku ya kwanza angegombezwa kidogo. Sasa alihisi hata akisema hakuna kitakachorudi mahali pake. Darasani hakusikia alichofundishwa. Bilyana alipomtania kuhusu programu ya kuchora, aliondoka dawatini akaenda kukaa nyuma.

Jumatano ya wiki ya pili, Bibi alimwita jikoni. Aliweka kiberiti mezani.

"Kuanzia leo jiko utaliwasha wewe," alisema. "Mimi nisije nikatuchoma."

"Kwa nini, Bibi?"

"Dada yangu Gena alianza hivihivi. Alikuwa akifanya kitu, halafu hakumbuki amekifanya. Mimi nakumbuka sikubofya kitu, mjukuu wangu. Nakumbuka kabisa. Nawe uliniambia nilibofya. Basi kichwa changu ndicho kinachodanganya." Akafikicha macho kwa kiganja. "Nimemwambia mama yako anitafutie mahali wanapotunza wazee. Nisikae na mtoto nikiwa hivi."

Zornitsa aliuliza Mama amejibu nini. Bibi alisema hakusikia vizuri kwenye simu, ila alisikia kilio, na kitu kuhusu kuacha kazi na kurudi.

Kesho yake Zornitsa alibeba kompyuta ndani ya mkoba mpaka shuleni. Baada ya vipindi alikwenda kwa Mwalimu Evlogi, aliyewafundisha kompyuta, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo. Alimweleza matangazo yalivyoanza. Mwalimu alipouliza ni nani aliyeweka kitu kipya, Zornitsa alisema ni bibi yake.

Mwalimu hakubishana. Kwanza alizima mtandao, ili programu hizo zisiendelee kuleta nyingine. Kisha alifungua orodha ya programu zote na kuzipanga kwa tarehe. Juu kabisa zilikuwa tano zenye majina ya ajabu. Nne zilikuwa zimeingia Alhamisi moja, dakika ileile: saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni.

"Bibi yako hutumia kompyuta jioni?" aliuliza.

Zornitsa alitazama sakafu. Alijaribu kutafuta uongo wa nne na hakuupata. Alianza kulia, na katika kulia akasema yote: kitufe cha kijani, visanduku, gurudumu, kiberiti, na mahali pa kutunza wazee. Mwalimu Evlogi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfariji. Alimsogezea kiti.

"Kaa. Utaiondoa wewe, mimi nitakuonyesha."

Zornitsa aliziondoa zile programu moja baada ya nyingine. Moja ilimwuliza kama ana hakika, na kitufe cha kubaki kilikuwa kikubwa na chenye rangi huku cha kuondoa kikiwa kidogo cha kijivu. Mwalimu alimwonyesha kwa kidole, akasema wezi wa aina hii hutegemea haraka ya mtu. Waliingia kwenye kivinjari, wakakuta viongezi viwili, vijiprogramu vya ziada ambavyo hakuna aliyevikaribisha, wakavitoa. Wakafuta ruhusa za arifa walizopewa watu wasiojulikana. Wakarudisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia kama vilivyokuwa. Ndipo Mwalimu akawasha tena mtandao, akaweka programu ya kukinga virusi iliyotoka moja kwa moja kwa walioitengeneza, wakaipekua mashine yote, wakaiwasha upya na kuipekua tena. Mwisho Zornitsa alibadilisha nywila zake zote. Ilichukua saa mbili na nusu. Skrini ikatulia.

"Hii imepona," Mwalimu alisema akifunga kifuniko. "Bibi yako siwezi kumtengeneza mimi."

Njia ya kurudi nyumbani ilipanda mlima na theluji nyepesi ilikuwa imeanza. Zornitsa alimkuta Bibi anapanga kuni. Alisema kila kitu huku ameinama, akizungumza na mkoba wake. Bibi aliendelea kupanga kuni. Hakuwa amesikia. Ilimbidi Zornitsa azunguke, apige magoti mbele yake juu ya magome, ainue uso na kuanza upya, akitamka kila neno wazi.

"Mimi ndiye niliyeiharibu, Bibi. Wewe hukubofya kitu. Nilidanganya."

Bibi alimtazama midomo muda mrefu hata baada ya maneno kwisha.

"Rudia," alisema.

Zornitsa alirudia. Bibi aliweka chini gogo alilolishika. Uso wake haukuonyesha furaha wala hasira. Ulionyesha uchovu mwingi, kama wa mtu aliyebebeshwa mzigo kutwa nzima halafu akaambiwa haukuwa wake.

"Basi ugonjwa wa Gena haujanifikia," alisema. Akaingia ndani.

Jumamosi, saa nne, Mama alitokea kwenye skrini na hakuna kilichomfunika. Zornitsa alimweleza kwa kinywa chake mwenyewe, Bibi akiwa kando. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa Bologna kwamba anaacha kazi. Sasa angewaomba wasitafute mwingine. Alimwambia Zornitsa kwamba amekasirika na kwamba itachukua muda. Baada ya hapo aliongea na mama yake, akifungua mdomo sana kwa kila neno, na Bibi akajibu moja baada ya jingine bila kuuliza mara mbili.

Mama alipoaga, Bibi aliifunga kompyuta mwenyewe. Alimkalisha Zornitsa kwenye kiti cha jirani.

"Mashine ikiharibika wapo wanaojua kuitengeneza," alisema. "Kitu cha bure kikikuharakisha ubofye, toa mkono kwanza, usome. Ukishindwa kuelewa, uliza mtu mzima. Hayo mwalimu wako amekufundisha, sina la kuongeza. Mimi nakuambia hili lingine. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado lako peke yako. Ukilificha, atalibeba mwingine. Kwa ajili ya mashine ningekugombeza mpaka chakula cha mchana, yakaisha. Lakini uliniacha wiki mbili naiogopa akili yangu mwenyewe, na mpaka leo nikisahau miwani moyo unanipasuka. Nimekusamehe, Zornitsa. Hofu hiyo ndiyo haijaondoka, na sijui itaondoka lini. Ujue hivyo, usimfanyie mtu mwingine."